Mawingu ya Ijumaa

Raheli Chilongani aliyatazama mawingu kwa mshahara miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakupanda ndege hata siku moja. Watu waliomsikia akisema hivyo walidhani anatania, maana ofisi yake ilikuwa pale pale kwenye uwanja wa ndege wa Dodoma, hatua chache tu kutoka zinapoegeshwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alizaliwa Mpwapwa, baba yake akihudumia ng'ombe katika kituo cha utafiti wa mifugo. Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa idara ya hali ya hewa, mwaka 1973, akapelekwa Nairobi kwa kozi, akarudi na sketi mbili mpya na ujuzi wa kuisoma anga.

Kila saa alitoka nje, akafungua kile kisanduku cheupe chenye vipimajoto, akasoma, akakagua kipimamvua, kisha akainua uso. Kichwani mwake anga ilikuwa imegawanywa vipande vinane. Alihesabu vingapi vimefunikwa, wingu ni la aina gani, na chini yake pameanzia futi ngapi kutoka ardhini. Halafu aliingia ndani, akayageuza yote hayo kuwa tarakimu, akayatuma Dar es Salaam kwa redio. Marubani waliopita kabla ya kuruka aliwaeleza kwa mdomo, akiwa ameegemea kaunta, na kikombe cha chai ya rangi kando.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Aliipenda hasa Novemba, vumbi la Ugogo likiwa bado jekundu hewani, anga tupu tangu Mei, halafu siku moja saa nne asubuhi kawingu kamoja kakaonekana upande wa Mpwapwa, kadogo, keupe, kama kamepotea njia. Aliandika "moja ya nane" akaipigia mstari chini kwa furaha.

Mwaka 1994 ikaja barua. Serikali ilikuwa inapunguza watu, na jina lake lilikuwemo. Hakulia mbele ya wenzake. Alichukua kiinua mgongo chake, akachukua na madaftari yake mwenyewe, yale aliyokuwa akinakili vipimo vya kila siku kwa mazoea tu, akaenda zake nyumbani Chang'ombe. Baada ya miezi michache alikodi chumba karibu na soko la Majengo, akaweka taipureta mbili na bango la "Raheli Huduma za Uchapaji". Zilikuwa zama za ruksa. Kila mtu alikuwa akifungua kitu. Wanafunzi walileta tasnifu, vyama vilileta katiba zao, wabunge walipokuja mjini wasaidizi wao walileta hotuba za kuchapwa haraka haraka. Kufikia 1999 taipureta zilikuwa zimehamia juu ya kabati, na mezani zilikaa kompyuta tatu za mitumba zilizotoka Dubai. Raheli alijifunza kuzitengeneza mwenyewe, kwa sababu fundi wa kweli alikuwa Dar na nauli ya kumleta haikuwa mchezo.

Siku moja ya Ijumaa, mwezi wa tatu mwaka 2000, watu wakiwa wametoka msikitini, aliingia mwanamume mrefu mwenye kanzu safi na miwani mizito. Raheli alimtambua kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyoinama mlangoni ingawa mlango ulimtosha.

"Shikamoo, Kapteni!"

"Marahaba, Bi Raheli. Kumbe bado wanikumbuka."

Alikuwa Kapteni Athuman, Mrangi wa Kolo, aliyerusha ndege ndogo za kubebea wagonjwa na madawa kwa miaka mingi, Kondoa, Kibakwe, Mpwapwa, hadi kule ambako kiwanja ni shamba lililofyekwa. Miaka mitatu iliyopita macho yalimsaliti, wakampima, wakachukua leseni yake. Tangu hapo alikaa kwa binti yake hapo mjini, na kila ndege ilipopita juu ya paa alitaja aina yake kwa kusikia mlio tu.

Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na sidii. Rafiki yake mmoja aliyekwenda Ulaya alimletea. "Huu ni mchezo wa kurusha ndege," alisema, akiona haya kidogo. "Wanasema unaweza kuruka popote duniani. Mimi sina kompyuta. Nikasema, nani mjini hapa atanielewa?"

Raheli alimwonyesha kiti cha kompyuta ya kona, ile yenye nguvu kidogo kuliko nyingine. Kuluthumu, mchapaji wake, alicheka hadi akaacha kuchapa. Lakini baada ya nusu saa hata yeye alikuwa amesimama nyuma yao, maana Kapteni alikuwa ameiondoa ndege kwenye njia ya lami ya uwanja wa Dodoma na kuielekeza kaskazini, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

"Mlima Mlimwa wameusahau," alinung'unika. "Hapa wameweka majani mabichi kama Bukoba. Lakini ndege ni yenyewe. Ona inavyovuta kushoto." Akainyoosha ndege. Halafu akasema, "Sasa niwekee mawingu. Kuruka bila mawingu ni kuendesha baiskeli uani."

Raheli alibonyeza palipoandikwa hali ya hewa, akachagua masika. Papo hapo picha ikakwama. Ilisogea, ikasimama, ikaruka mbele, ikasimama tena. Ndege iliyokuwa ikielea vizuri sasa ilikwenda kwa vishindo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kapteni alivuta usukani kwa mishale ya kibodi, ndege ikajibu baadaye, amekwishavuta tena, ikapinduka, ikaanguka.

"Basi," alisema, akavua miwani na kuifuta kwa kanzu. "Mashine yako imechoka, Bi Raheli. Si kosa lako."

Alipoondoka, Raheli hakuridhika. Maneno yale "si kosa lako" yalimkaa kifuani, na alijua ni kwa nini, ila hakutaka kulifikiria jambo hilo kwa wakati ule.

Jumatatu alifungua daftari jipya. Programu ile ilikuwa na namba ndogo iliyoweza kuonyeshwa pembeni mwa skrini, ikieleza mashine inachora picha ngapi kwa sekunde. Anga ikiwa tupu ilisoma ishirini na mbili. Akiweka mawingu ilisoma nne. Macho ya binadamu hayadanganyiki kwa picha nne yakaona mwendo. Basi akaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja, kila mara akiandika namba, kama alivyofundishwa Nairobi: usiguse vipimo viwili kwa mpigo, hutajua kipi kimekujibu. Alizima programu ya kukagua virusi iliyokuwa ikifanya kazi chinichini: tano. Akapunguza wingi wa rangi kwenye skrini: saba. Akapunguza ukubwa wa picha: nane na nusu. Alimwomba Kuluthumu ruhusa, akafungua kompyuta yake, akachomoa kipande cha memori na kukihamishia kwenye ile ya kona. Kumi.

Hapo ikagoma. Siku tatu nzima haikuzidi kumi.

Siku ya nne alikuwa amekaa akitazama mawingu yale ya kuchorwa, mkono shavuni, ndipo akaona jambo lililomfanya acheke peke yake. Aliyeitunga programu alikuwa amepanga mawingu matabaka matatu, moja juu ya lingine, yote yamefunika nane ya nane, tena kwa umbali wa kilomita mia. Mashine ilikuwa inahangaika kuchora wingu la juu ambalo limezibwa na la kati, ambalo nalo limezibwa na la chini!

"Kuluthumu," aliita, "hivi mvua ikinyesha hapa Majengo, unaiona Kondoa?"

"Kondoa? Mama, hata soko silioni."

"Basi kwa nini huyu anachora Kondoa?"

Mpimaji huandika kile tu kinachoonekana kutoka pale aliposimama. Ndiyo ilikuwa kanuni ya kwanza ya kazi yake. Raheli akayaacha yale masika yaliyopangwa na watu wasioijua Dodoma, akaanza kupanga hali ya hewa kwa mkono. Akaondoa matabaka mawili. Lililobaki akalipa vipande sita badala ya vinane. Umbali wa kuona akaushusha hadi kilomita kumi na tano, kama inavyokuwa kweli mvua ikikaribia. Akaitazama namba pembeni. Kumi na tisa.

Alisimama, akaenda mlangoni, akatazama nje. Kisha akarudi akatazama tena. Kumi na tisa.

Ijumaa Kapteni alikuja, akakaa, akaruka katikati ya mawingu kwa saa nzima bila kukwama. Alipotua hakusema asante. Alikaa na mikono mapajani.

"Umeyaweka kama yalivyo," alisema. "Hata chini yake yamenyooka, kama ya Desemba."

Tangu hapo Ijumaa ikawa yao. Kapteni alitaja mwezi na saa, Raheli akapanga anga. Agosti yenye upepo wa vumbi. Januari asubuhi. Wateja walizoea kumkuta mzee wa kanzu kwenye kona, na Bi Raheli akiwa na miwani puani akibishana naye kuhusu futi mia tano.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano Kapteni alikuja, akakaa, hakuigusa kibodi. "Leo nataka siku maalumu," alisema. "Tarehe tisa Januari, themanini na tano."

Raheli alijua. Hakuhitaji kuuliza ni siku gani, wala kufungua madaftari yake, ingawa aliyafungua ili apate kuinamisha uso.

Asubuhi ile ya 1985 Kapteni alikuwa akienda Kibakwe kumchukua mama mmoja aliyekuwa na uchungu siku ya pili. Raheli alimwambia kaunta pale kwamba milima ya Mpwapwa itafunikwa alasiri, si kabla. Saa sita kasoro milima ikafunikwa yote, na nyuma yake likasimama wingu la radi, lile ambalo kazini waliliita sibii. Ndege ilitarajiwa saa saba. Saa saba ikapita, ya nane ikapita. Raheli alisimama karibu na kipimamvua, mvua ikimlowesha, akisikiliza. Ilitua saa tisa. Kapteni alimteremsha mgonjwa, akaingia kwenye gari la hospitali pamoja naye, na kesho yake alipopita kaunta alisalimia kama kawaida. Hawakuwahi kulizungumza.

"Kapteni," alisema sasa, "siku ile nilikukosesha. Nilikaribia kukuua, wewe na yule mama. Miaka kumi na mitano nimetaka kukuomba radhi."

Mzee aligeuza kiti. Alionekana kushangaa kweli.

"Radhi ya nini? Wewe ulisema ulichokiona. Wingu lile lilipanda kwa dakika arobaini; nilikuwa nalitazama. Bi Raheli, mimi sikuja kukushtaki. Nimekuja kukuonyesha nilikokuwa. Panga, tafadhali."

Akapanga. Tabaka moja, saba ya nane, chini yake likigusa vilele. Na kando, upande wa mashariki, wingu moja refu peke yake. Aliogopa mashine itakwama, akapunguza umbali kidogo zaidi. Namba ikasimama kumi na sita.

Kapteni aliondoka Kibakwe, akapinda kuelekea Dodoma. Mbele palikuwa na ukuta wa mawingu. "Hapa nilitaka kupita chini," alisema, "nikaona hakuna chini. Nikaamua kupanda. Mama mzazi wa yule mgonjwa alikuwa nyuma, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kigogo. Hakunyamaza hadi tulipotua."

Skrini ikawa ya kijivu tupu. Sekunde zikapita, mshale wa kimo ukipanda: futi elfu tisa, elfu kumi. Kuluthumu alikuwa ameacha kuchapa. Elfu kumi na moja. Halafu kijivu kikafifia, kikapasuka, na wakatokeza juu.

Lilikuwa shamba jeupe lisilo na mwisho, lenye matuta na mabonde, na jua lote juu yake. Lile wingu refu lilisimama mbali peke yake, likimetameta upande mmoja. Ilikuwa picha tu, rangi chache kwenye kioo cha mtumba, kingo za mawingu zikiwa na meno. Lakini Raheli alishika ukingo wa meza.

"Nilizunguka hapa karibu saa nzima nikingoja tundu la kushukia," Kapteni alisema polepole. "Mafuta yalikuwepo. Hofu ilikuwepo pia, sikufichi. Lakini nilikuwa nikijiambia, yule dada wa hali ya hewa anayahesabu haya kila saa, na hajui yalivyo upande huu. Nikasema nitamweleza. Nikashindwa kupata maneno."

"Na yule mama?"

"Alijifungua jioni ile ile. Mtoto wa kike."

Raheli alivua miwani, akaiweka juu ya kibodi, akaacha machozi yashuke mbele ya mchapaji wake na mteja mmoja aliyekuwa ameingia na barua yake ya maombi ya kazi. Miaka ishirini na mmoja alikuwa ameyaandika mawingu kwa upande wa chini tu.

Waliendelea hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Mwisho wa 2001 macho ya Kapteni yalifika mahali hata skrini hakuiona vizuri, akarudi Kolo kwa ndugu zake, akilima alizeti kwa kuelekeza wengine. Alituma salamu kupitia madereva wa mabasi ya Kondoa, na Raheli akajibu kwa barua zilizochapwa kwa herufi kubwa, kila mara akianza na hali ya anga ya siku ile. Mwaka 2003 zikaja kompyuta mpya ambazo ziliweza kuchora mawingu yote ya dunia bila kukwama. Wateja walimshauri aitupe ile ya kona. Hakuitupa.

Ijumaa za mvua, wateja wakiwa wachache, alikaa mwenyewe kwenye kile kiti na kuweka mkono kwenye mishale ya kibodi. Kutua hakuwahi kujifunza. Alijua kuondoka na kupanda tu. Alipofika juu alinyoosha ndege, akaiacha iende taratibu, akatazama hadi alipotosheka. Kisha akazima mashine, ndege ikiwa bado angani, akamwambia Kuluthumu aweke maji ya chai.