Nati Niliyoikaza Mara Tatu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, vizuri kuliko ninavyoikumbuka siku niliyovaa joho la chuo. Ilikuwa miaka ile kambi za Kasulu zilipojaa wakimbizi, nami, mhitimu mpya, nikapewa kutunza magari ya kliniki. Kwa nini mimi, sijui hadi leo. Pengine niliogopa sana kukosea, watu wakadhani huo ndio uangalifu.

Tulikuwa na tela lenye kibanda, ndani mna kitanda na rafu za dawa. Siku hiyo lilibeba chanjo ya surua. Kambini watoto walikuwa wameanza kufa, na barafu ndani ya masanduku ingedumu mpaka alasiri tu.

Jana yake, pale Buzebazeba tulipokuwa tukilaza magari, nilikuwa nimesafisha beringi za magurudumu kwa mafuta ya taa na kuzijaza grisi mpya. Hapo sikukosea. Ila nati ya kati ilinitia shaka. Je, ikilegea? Je, gurudumu likichomoka mlimani? Nikaikaza. Nikaenda kula, nikakiacha chakula nusu, nikarudi kuikaza. Asubuhi nikaikaza tena, safari hii nimeunga bomba kwenye spana. Wahenga walisema uzi ukivutwa sana hukatika, lakini mimi methali nilizisomea mtihani tu.

Tulipokaribia Kidahwe, dereva wetu akasimamisha gari. Alikuwa Mzee Ramazani, Mkongomani wa Ujiji, fundi wa injini za boti tangu ujana wake. Akagusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono.

"Njoo uguse, msomi."

Niligusa, nikaruka: kiliunguza kama sufuria.

"Nani alikaza hii?"

"Mimi, Mzee. Mara tatu."

"Ulikuwa unafunga gurudumu au mlango wa gereza?"

Sista Evelina, muuguzi wetu, akacheka. "Mwache, Mzee. Huyu hata chai iliyopoa anaipuliza."

Kwa kubanwa na nati, beringi ilikuwa imeshika moto; yenyewe ilikuwa nzima, ila grisi ilikuwa imeyeyuka yote. Na kopo la grisi nililiacha nyumbani, kwa kuwa niliamini kazi yangu haitarudiwa. Nilitazama masanduku ya chanjo, nikatamani ardhi inimeze.

Mzee Ramazani hakunifokea. Alivuka barabara hadi kwa mama muuza mawese, akarudi na chupa ya mawese, kipande cha sabuni na sufuria ya kuazima. Akaikwangua sabuni ndani ya mafuta, akapasha juu ya mafiga ya yule mama, akakoroga mpaka vikawa uji mzito.

"Grisi ni nini, kama si mafuta yaliyoshikwa na sabuni? Itatufikisha, haitaturudisha. Sasa funga wewe."

"Mimi tena, Mzee?"

"Aliyekosea ndiye ajifunze. Zungusha gurudumu, kaza nati huku likizunguka, mpaka ulisikie zito. Haya, legeza. Sasa kaza kwa vidole tu. Shika juu na chini, utikise."

Lilicheza kidogo mno, kama jino la mtoto linaloanza kulegea. Roho yangu haikutaka.

"Na likichomoka?"

"Pini hii inayopita kwenye nati ndiyo inayozuia. Nati usiipe kazi ya pini."

Nikatia pini, nikaikunja ncha. Tukaenda polepole, na kila baada ya vilima viwili nilishuka kugusa: vuguvugu tu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tulipoingia kambini, Sista alifungua sanduku, akalitikisa, na vipande vya barafu vikagongana. Sijasikia ngoma iliyonifurahisha kuliko mlio ule.

Watoto walichanjwa mpaka chupa ya mwisho. Mama mmoja Mrundi aliniona nimepakaa mawese hadi viwikoni. "Urakoze, fundi," akanishukuru kwa Kirundi. Nikageuka kumtafuta fundi, Mzee Ramazani akanisukuma bega. "Ni wewe anayekuita."

Mwanangu, hofu nimezeeka nayo, sikufichi. Lakini nimeijua mipaka yake. Kaza jambo lako mpaka likae, kisha lilegeze lipate kupumua. Tia pini, halafu uondoke. Njiani simama uguse, maana kugusa ni kuangalia, na kukaza bila kikomo ni kuunguza. Na kopo la grisi libebe, hata ukijiamini.

Mungu akupe mkono unaojua kuacha, na magurudumu yako yafike yakiwa baridi.