Nilivyoishia Tisini na Saba

Niseme tu mapema, maana Kalemie yote mulishasikia na aibu ikishajulikana kuificha ni kujichosha: mimi, mwalimu wa hesabu, nilipeleka uongo wa hesabu kwa baba mukwe siku ya dote, siku ya kupeleka mahari, tena nikiwa nimeuvaa kifuani.

Furaha, muchumba wangu, alikuwa amenionya. Baba yake, Papa Kalunga, alifundisha hesabu kule Moba mpaka akastaafu, na muchumba wa kwanza wa Furaha, muzee alimurudisha na mbuzi wake kwa sababu ya majivuno tu. "Siku hiyo wewe nyamaza," akaniambia, "musemaji njo baba yako mudogo, desturi ni hiyo." Nikaitikia vizuri. Lakini moyoni nilitaka kumufurahisha muzee kwa kitu chake mwenyewe, nikachagua milioni moja na moja (moja, sifuri tupu katikati, halafu moja, kama watu wawili walionuniana kwenye benchi), nikasema hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilijaribu tatu, saba, kumi na moja, nikapanda hivyo mpaka tisini na saba, zote zikabakiza. Nilijua kabisa inafaa kupanda mpaka karibu na elfu, wanafunzi wangu nawakata pointi kwa uvivu huo huo, lakini njaa ilikuwa inauma, nikasema basi, imetosha. Kesho yake nikaenda kwa fundi cherehani, akaishona kwenye mashati ya ujumbe wetu muzima.

Siku ikafika. Baba mudogo alikuwa amesema vizuri, wakwe wametulia, karibu wapokee mbuzi wetu, ndipo Papa Kalunga akauliza, "Na hii namba kifuani ni ya nini?" Baba mudogo akafungua kinywa, na mimi (sijui nani alinituma) nikasimama.

"Papa, hii haigawanyiki na kitu chochote, kama mimi na Furaha."

Muzee akafumba macho kidogo. "Mia moja na moja umejaribu?"

Hapo ningekaa chini yangeisha. Lakini nikamujibu, "Haiwezi, Papa," nikatoa simu ili nimuonyeshe, nikagawa, nikasoma kwa sauti ya darasani: elfu tisa mia tisa na moja. Nikatafuta mabaki. Hayakuwepo.

"Sasa huyo mia na moja aliye katikati yenu njo nani?" akauliza shangazi yake Furaha. "Ana jina?"

Wamama wakacheka mpaka wakashikana mabega, na baba mudogo akafunga koti lake juu ya shati, taratibu, kifungo kwa kifungo. Mimi nilikuwa natazama mulango. Furaha alikuwa amesimama pale na kitenge chake kipya, akingoja kuitwa, na yeye hakucheka. Akageuka, akarudi ndani. Hiyo njo inaniuma mpaka leo, vicheko nilishasamehe.

"Hatumukatai," Papa Kalunga akasema. "Ila muntu anayeapa mbele ya kufika mwisho, mutoto wangu simupi leo. Rudini siku ingine, na yeye akae kimya."

Tukarudi na mbuzi wetu kwa miguu, na namba zetu kifuani, tukipita katikati ya soko.

Safari ya pili baba mudogo alisema peke yake, mimi nikatazama viatu vyangu, nikapewa muke. Shati lile Furaha analipangusia meza. Na akiniuliza kama ninamupenda, ninajibu ndiyo, halafu nanyamaza.