Chumba cha Mbele cha Sabdio

Ukitaka kumjua jirani yangu Sabdio, mwangalie akipanguza vumbi. Hapanguzi kama mimi, ninayepitisha kitambaa juu juu huku nikiwaza mambo mengine. Yeye huanza juu ya kabati, hushuka kwenye vioo, huinama mpaka miguuni, halafu anahamia kitandani. Kabati si lake. Kitanda si chake. Hilo alilijua mwezi wa pili mwaka huu, baada ya miaka kumi na saba ya ndoa, na mimi nilikuwepo, nimeshika upande mmoja wa hilo kabati.

Tunakaa Chechelesi, mtaa wa Isiolo, mlango wangu na wake inatazamana, na barabara ya vumbi iko katikati. Mimi ni Mturkana, wananiita Mama Ekitela, nauza sukuma na nyanya barazani kwangu. Sabdio ni Mborana wa upande wa Gotu. Mume wake, Robow, ni dereva wa lori, Msomali wa zile familia ambazo babu zao waliletwa hapa na jeshi la Mwingereza, vita vikaisha, wao wakabaki. Kwa Waborana, bibi harusi huja na vyombo vya maziwa alivyosukiwa na mama yake. Mama yake Sabdio alikufa akiwa mdogo, na ng'ombe wa baba yake waliisha na kiangazi, kwa hiyo alikuja kwa Robow na sanduku moja la bati lenye nguo. Aliona aibu, na mpaka leo akisimulia anashika shavu.

Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Ayeeyo, yaani nyanya, hakumtukana wala kumcheka. Alimshika mkono akamwingiza chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Huko ndiko alikokuwa amejaza mali ya maisha yake. Kulikuwa na kitanda cha chuma cha marehemu baba wa mume, sijui niseme vipi, cha babu yake Robow yule askari, kina namba imegongwa mguuni, kimetumikia taifa kuliko askari mwenyewe. Kulikuwa na kabati la vioo na viti vinne vya mbao vya mikono mipana, vyote alivyonunua kwa bwana mmoja wa ofisini aliyepata transfa ghafla. Hapa Isiolo ndivyo tunavyopanga nyumba. Mfanyakazi wa serikali akihamishwa hataki kubeba kabati mpaka Busia, anauza, na sisi tunajua habari ya transfa kabla ya barua kumfikia. Hata meza yangu ya nyanya ilikuwa ya mwalimu.

Ayeeyo alizunguka chumba akigusa kitu kimoja kimoja. "Hii weka," akasema. "Hii pia weka. Hii weka."

Sabdio alilia kwa furaha. Hakujua Kisomali, Ayeeyo hakujua Kiborana, wakabaki na Kiswahili ambacho kwa wote wawili kilikuwa cha mtumba. Na kwetu sisi, ukimwachia mwenye duka chenji ukamwambia "weka," umempa, hakuna mtu atakuja kuidai kesho. Sabdio akajua amepewa nyumba. Binti mkubwa wa Ayeeyo, Kowsar, alikuwa amesimama mlangoni siku hiyo. Naye alisikia neno lile lile.

Miaka ikaenda. Sabdio alizaa watoto watatu, akatia rangi kitanda mara mbili, akabadilisha kioo cha kabati kilichopasuliwa na mpira. Hakuwahi kuvisogeza vitu hivyo hata hatua moja. Ayeeyo alipokuwa hai alipenda vikae vilivyo, na Ayeeyo alipofariki, miaka minne sasa, Kowsar alianza kuja kila Ijumaa baada ya swala. Anakunywa chai chumba cha mbele, anatembeza macho, anaenda. Mimi nilidhani anamkumbuka mama yake tu. Nilikuwa nusu sahihi.

Sasa, kazi ya Sabdio ni kushona. Sare za shule, dera, mapazia. Cherehani aliinunua mwenyewe kwa zamu yake ya chama cha kuchangiana pesa, na kwa miaka tisa aliiweka kwenye veranda ya duka moja mjini. Mwezi wa kwanza mwenye jengo akamwambia linabomolewa, mwisho wa Februari awe ameondoka. Veranda nyingine zote zina watu. Bila mahali pa kuweka cherehani hakuna kushona, na bila kushona Sabdio ni wa kungoja lori la mumewe litoke Moyale, akiwa na bahati. Aliniambia hivyo bila kuzunguka: "Mama Ekitela, nikikosa hii nafasi, mimi nimekwisha. Nitakuwa mtu wa kuomba hata sabuni."

Nafasi alikuwa nayo pale pale. Chumba cha mbele, mlango wa barabarani, mwanga wa asubuhi mpaka jioni. Kilichohitajika ni kutoa kabati na kitanda tu, viti vinne vingesogea ukutani. Akampigia Robow simu, Robow akasema, "Fanya tu." Kwa Robow kila kitu ni fanya tu, mradi yeye yuko mbali.

Tukamtafuta Mutuma, Mmeru anayeuza samani za mitumba kando ya barabara kuu. Alikuja Jumanne na mkokoteni. Mimi nikaacha nyanya nikashika upande wangu wa kabati, Sabdio wake, Mutuma akawa nyuma. Tulipolitoa ukutani Mutuma akasimama.

"Mama, hii iko na namba ya serikali hapa nyuma. Si hii itaniletea mambo?"

"Beba," nikamwambia. "Serikali yenyewe ilisahau."

Tulikuwa tumefika mlangoni, miguu miwili ndani na miwili nje, Kowsar akatokea. Haikuwa Ijumaa. Mtu alikuwa amempigia, na sijajua ni nani mpaka leo.

"Salaam aleikum," akasema, maana hata hasira haimsahaulishi hiyo. "Abaayo, dada yangu, hii mnapeleka wapi?"

"Aleikum salaam, abaayo. Nimeuza."

"Umeuza ya nani?"

Sabdio aliliangalia kabati kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Yangu. Ayeeyo alinipa. Wewe si ulikuwa hapo? Alisema weka."

"Alisema weka, wallahi nilisikia. Alisema uweke vizuri, isipotee. Hakusema chukua. Mama angetaka kukupa angesema chukua!"

Nilitaka kumchukia Kowsar, na singekuwa peke yangu. Lakini alifungua mlango wa kabati, pale pale barabarani, akaingiza kichwa ndani akanusa, na akatoka machozi yakimtiririka. Mama yake aliweka uvumba humo. Sabdio alipoona vile akamgusa bega, akamwambia kwa upole, na nilijua ni kutoka moyoni: "Basi beba, abaayo. Ni yako. Mutuma ako hapa na mkokoteni, itafika kwako saa hii."

Kowsar akajifuta. "Nipeleke wapi? Kwangu kumejaa."

Na kweli kumejaa. Nimeingia kwake. Magodoro ya kukalia ya Kituruki kutoka ukuta mpaka ukuta, mapya, yana nyuzi za dhahabu, ukikaa unaogopa. Mutuma akasema atarudi tukisikizana, akaondoka na mkokoteni mtupu, na sisi tukarudisha kabati ukutani. Lilikuwa zito zaidi kuingia kuliko kutoka.

Robow aliporudi safari, wakamwita amu yao, Adeer Guled, mzee anayesikizwa na ukoo mzima. Nami nikaitwa, nusu shahidi, nusu mshitakiwa. Tulikaa chumba hicho hicho cha mbele, kwenye vile viti vinne, mimi nikapewa ukingo wa kitanda. Guled akasema kila mtu arudie maneno ya marehemu bila kuongeza chumvi.

Sabdio akasema, "Alisema, hii weka."

Kowsar akasema, "Alisema, hii weka."

Sijawahi kuona mashahidi waliopatana namna hiyo, na kesi isisogee. Guled akavuta ndevu, akanigeukia. "Mama Ekitela, kwenu weka ni nini?"

"Mzee, inategemea nani anasema."

Alicheka kidogo, lakini hakuna mwingine aliyecheka. Halafu akaamua. Kama zawadi haina shahidi, si zawadi. Vitu vya marehemu ni vya warithi: Robow, Kowsar, na ndugu zao wawili walio Nairobi. Mke wa mtoto hana fungu, na hilo si yeye Guled aliyelitunga. Ndugu wa Nairobi wakija, vitagawanywa.

"Watakuja lini, Adeer?" Sabdio akauliza.

"Wakipata nafasi, inshallah."

Hao watu hawajapata nafasi tangu mazishi. Sabdio akamwangalia mumewe. Robow huyu, anayeweza kurudisha lori nyuma kwenye uchochoro usiopita punda wawili, hakuweza kurudisha neno moja. Alikuwa anakagua zulia. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na kama si ugeni wangu pale ningemtupia kikombe.

"Kwa hiyo ikae hapa?" Sabdio akasema. "Na mimi nishone wapi?"

"Ikae kidogo tu," Guled akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndiyo mbaya zaidi. "Mama, sisi tunakushukuru sana. Angalia hii kabati. Angalia kitanda. Hakuna mtu kwa hii familia angetunza hivi. Allah akulipe."

Wote wakasema amin. Kowsar alisema kwa sauti kuliko wote, na hakuwa anadanganya. Hapo ndipo nilipoona kuwa sifa nyingine ni kufuli. Mtu akikutukana unaweza kuondoka, lakini ukishukuriwa mbele ya wazee utaondokaje?

Sabdio alirudisha kikombe chake kwenye sinia. Kisha akauliza, bila ukali, kama anayetaka kujua bei ya kitu sokoni.

"Adeer, nauliza tu. Mimi nikifa leo, watoto wangu watagawa nini?"

Guled akafungua mdomo. Akaangalia kabati, akaangalia kiti alichokalia yeye mwenyewe. Vikombe vya chai vilikuwa vya Ayeeyo. Hata sinia. Ikra, binti wa kwanza wa Sabdio, aliyekuwa amesimama na birika akingoja kuongeza chai, akadhani swali ni la mtu yeyote anayejua.

"Cherehani, mama," akasema.

Sabdio akatikisa kichwa kukubali. Kikao kikaisha kwa dua.

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi tukaileta cherehani kutoka mjini kwa mkokoteni. Tulijaribu kuiingiza chumba cha mbele. Tuliibana kati ya kitanda na kabati, lakini Sabdio alipokaa magoti hayakuenea, na mguu haukufika kwenye pedali. Tulijaribu upande wa dirisha, viti vikaziba mlango. Aliomba tupandishe viti juu ya kitanda, halafu yeye mwenyewe akasema hapana, vitachubua rangi. Nikachoka. Nikamwambia avushe kitu chake barabara, na ikaishia barazani kwangu, kando ya nyanya.

Iko hapa hadi sasa. Mume wangu Lokol ananung'unika kuhusu nyuzi kwenye sukuma, mwache anung'unike. Wateja wamejua njia. Nikiona Sabdio ameinama kwenye kitambaa, mguu unakanyaga, anacheka na wanafunzi wanaokuja kupimwa, nafurahi kama niliyeshinda kesi mimi.

Lakini saa kumi ikifika, hata kama kuna mteja mlangoni, hata kama mkono wa nguo umebaki nusu, anafunika cherehani na kusimama. Hiyo ndiyo saa nzuri ya biashara, watu wanatoka kazini na jua limepoa. Wiki iliyopita nilimshika kanga. Nikamwambia, "Sabdio, keti. Watoto ni wakubwa, Robow yuko safari. Unakimbilia nini huko?"

Alinitoa mkono polepole, akaangalia mlango wake ng'ambo ya barabara.

"Kowsar siku hizi anapita kila jioni," akasema. "Akipata mlango imefungwa, atasema vitu imeachwa pekee yake."