Mama amemkana kaka yake, na kiapo chetu ni Alhamisi

Admin, salamu. Ukiposti hii naomba jina langu ulifunike. Vijiji viache vilivyo, ni vikubwa, hakuna atakayetujua.

Mimi ni mwanaume wa miaka 28, naendesha bodaboda kati ya Kasulu na Makere. Nimezaliwa Titye, kijiji tunachoishi mpaka leo, na nimesoma hapohapo, lakini kwenye makaratasi ni mkimbizi, kwa sababu wazazi wangu waliingia kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa watoto. Baba alishafariki. Tumebaki mimi na mama, na uraia tumeomba pamoja. Fomu tulijaza, alama za vidole tulitoa, mahojiano tulifanya, na uraia wa Burundi tumeshaukana kwa maandishi. Kilichobaki ni kiapo mbele ya hakimu Alhamisi hii, halafu tusubiri cheti. Mtu wa Dar anaweza kuona ni jambo dogo. Huku kwetu ukigombana na jirani kwa sababu mbuzi wake kakula maharage yako, neno la kwanza utakaloambiwa ni rudi kwenu.

Siku ya mahojiano mama aliulizwa kama ana ndugu Burundi. Akasema hana, waliisha wote. Hakudanganya. Tangu nikiwa mdogo nasikia kwamba siku wanakimbia, bibi alimrudisha mwanawe mkubwa nyumbani akachukue blanketi, na hakuonekana tena. Walimsubiri, wakachoka, wakavuka. Walipofika huku wakamwekea matanga bila mwili.

Sasa mwaka huu wakimbizi wapya wamemiminika, na kambi ya jirani na Makere imejaa. Mwezi uliopita nilikuwa kijiweni nasubiri abiria, nikamwona mzee mmoja wa kambini anapita kwa wauza ndizi akiuliza kama kuna anayewajua watu wa mlima fulani. Warundi wa zamani ndivyo wanavyotafutana, kwa mlima na jina la mzazi. Akataja jina la bibi yangu. Ni jina refu la Kirundi, sijawahi kusikia mtu mwingine analo. Nikamuuliza anamtafutia nini. Akasema ni mama yake, alimtuma blanketi, na aliporudi hakuwakuta.

Nilitegemea nitashtuka, sikushtuka. Nilimnunulia soda, nikawasha pikipiki, nikaenda kumwambia mama kama mtu anayeleta habari za bei ya mahindi.

Siku kadhaa baadaye mama akaniambia nimpeleke sokoni Makere. Yule mzee alipomwona tu akasimama, akamwita kwa jina la utotoni, ambalo mimi nilimsikia bibi peke yake akilitumia. Mama yangu anaongea Kirundi na mimi, na kuku wake, na Mungu wake. Siku ile alijibu kwa Kiswahili.

"Mzee, umenifananisha."

Mzee akamtazama, akawatazama watu waliokuwa wamegeuka kusikiliza, na akaelewa palepale.

"Nisamehe mama," akasema. "Macho yangu ni mabovu."

Akarudi nyuma akajichanganya na watu. Mama akanunua dagaa, akaomba apunguziwe bei kama kawaida yake, tukaondoka.

Nyumbani nikamwambia kwamba sisi hatukudanganya, twende tueleze tu kuwa tulidhani amekufa.

"Siku ile ilikuwa kweli," mama akasema. "Leo siyo kweli tena. Nani ataanza kunisikiliza upya?"

Akaongeza kwamba yeye alishamlilia kaka yake, yakaisha, na nisimletee tena habari hizo mpaka cheti kiwe mkononi. Simlaumu. Yuko nchi hii tangu akiwa mtoto mdogo, na mpaka leo akimwona mtu mwenye sare anashusha sauti.

Nilimrudia yule mzee peke yangu. Hakulalamika hata kidogo. Aliniita mwishwa, yaani mtoto wa dada yake, na kusikia neno lile pia hakukunigusa popote. Akanieleza kwamba kundi lao linahamishiwa kambi ya Kibondo Jumatano, siku moja kabla ya kiapo chetu, na kibali cha kufika Titye hana.

"Mama yako mwache," akasema. "Hata mimi ningesema hivyohivyo. Nionyeshe kaburi la mama yangu, basi. Nikishaliona nitapanda gari lao."

Bibi tulimzika nyuma ya nyumba yetu, kwenye migomba. Nikikamatwa njiani nimempakia mkimbizi asiye na kibali wiki hii ya kiapo, sijui maombi yetu yataishia wapi, na ya mama yamo humohumo. Amesubiri maisha yake yote.

Jana jioni nikamkuta mama anapalilia pale kaburini. Hakuinua uso.

"Jumanne sitashinda nyumbani," akasema. "Nitakuwa kanisani kwenye maombi mpaka jioni."

Ombi la mzee sikuwa nimemwambia, ila habari za kundi la Jumatano zilishafika kijijini, nikajua ananiachia nyumba. Nilikula, nikalala fofofo. Nasikia watu mambo kama haya huwakosesha usingizi, mimi hapana. Sina hasira, sina furaha, hata huruma naitafuta siipati, moyo umekufa ganzi. Nikijaribu kuwaza kiapo, kinachonijia ni kwamba shati langu jeupe limekatika kifungo.

Leo ni Jumapili. Nisipomleta, mzee atakwenda Kibondo bila kuliona kaburi. Nikimleta Jumanne, atasimama kwa mama yake aliyekufa huku dada yake aliye hai amejificha kanisani, na atarudi zake hivyohivyo. Ndugu zangu, nipeni akili zenu maana yangu imelala: nimwache aende, nimlete kaburini peke yake, au nipite naye kanisani kwanza?