Mbuga Chini ya Kisima Chetu

Nakumbuka vizuri, mwanangu, mwaka nilioolewa huku Muleba, enzi za Mwingereza. Wanawake tulichota maji ziwani kwa hofu, maana mamba alikuwa amemchukua jirani yetu. Ndipo wanaume wakaanza kuchimba kisima, juu kidogo ya ufuko.

Walipita udongo mweusi wa migomba, wakakuta mchanga uliojaa makombe ya konokono wa ziwani. Chini yake kulikuwa na udongo mgumu, na humo likatoka taya lenye meno makubwa. Kazi ikasimama. Baba mkwe wangu, aliyeisimamia, akasema tumeingilia kaburi la watu wa kale, kisima kifukiwe. Mimi nikawaza kwamba tutarudi kuchota kwa mamba.

Mama mkwe wangu, Kokushubira, hakubishana naye mbele za watu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaokota taya la ng'ombe, akaja kuliweka kando ya lile lingine.

“Waitu, bwana wangu, tazama,” alimwambia mumewe kwa upole. “Meno haya yamesaga nyasi. Mtu hali nyasi.”

Mzee aliyapapasa meno kwa muda mrefu. Kisha akawaambia vijana, “Chimbeni.”

Maji yakapatikana. Baadaye akapita mpimaji wa miamba wa serikali, Mwingereza aliyejua Kiswahili, akaomba lile taya.

“Utalichukua, bwana,” mama mkwe akamjibu, “ukishatueleza ni la nani.”

Basi yule bwana akachuchumaa ukingoni mwa kisima, kijiji kizima kimemzunguka. Alisema taya ni la nyumbu; zamani sana ziwa lilikauka, na hapa palikuwa mbuga ya nyumbu na pundamilia. Maji yaliporudi yalipanda hata kupita tuliposimama, yakaacha ule mchanga na makombe. Baba mkwe akamtazama mkewe, akatabasamu, na yule bwana akapewa taya. Nami nilijiona mrefu kuliko nilivyo, kuishi juu ya nchi yenye habari kubwa hivyo. Watu wa vijiji vya jirani walipokuja kutazama, mimi ndiye niliyewasimulia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta jambo usilolijua, usiwe na haraka ya kulifukia. Litazame, lilinganishe na unalolijua, kisha sema kwa heshima. Mgeni akitaka kuondoka na cha kwenu, akueleze kwanza. Na usione haya kusema umezaliwa Muleba.

Mungu akupe macho maangalifu na ulimi mpole, akujalie uzee wenye wajukuu wa kukusikiliza.