Kanda Isiyotazamwa na Mwanamume

Mwaka 2006, watu wa Wembley walikuwa wakitupa deki zao za video mtaani. Jokha ndiyo kwanza alikuwa akitafuta ya kununua. Alikuwa karani wa halmashauri, mzaliwa wa Wete, mwanamke aliyeamini kwamba kila jambo lina fomu yake. Hili halikuwa nayo.

Kaseti ilikuwa moja, ya mwaka 1994, ya shughuli ya wanawake katika harusi ya mdogo wake, Siham. Mwaka uliofuata Siham alifariki akijifungua, na mtoto, Miska, akalelewa na Jokha huku London. Picha za Siham zilibaki mbili, zote za pasipoti, na katika zote anaonekana kama mtu aliyekwisha kunyimwa viza. Siham wa kucheka na kutembea alikuwa ndani ya kaseti ile tu, nayo, kwa unyevu wa kabati la fleti, ilikuwa imeota ukungu kama mkate.

Mahendra, fundi mzaliwa wa Tanga, aliichungulia kupitia kidirisha chake.

"Bi Jokha, hii imebakiwa na safari moja tu mashineni. Niachie. Naisafisha, naipitisha kwenye kompyuta, wiki ijayo unapata diski."

"Na wewe utatazama?"

"Nisipotazama nitajuaje kama inatoka?"

Taabu ilikuwa hapo. Wanawake thelathini na kitu walikubali kurekodiwa, vichwa wazi na viuno kazini, kwa sharti moja: mwanamume asiione. Aliyewaapia, mmoja mmoja, ni Jokha.

Basi akafanya kama afanyavyo karani: akatafuta ridhaa. Wiki tatu alipiga simu Wete, Maskati na Dubai. Wengi walisema hewala. Wawili walikuwa wamekufa. Mabinti zao wakaridhia kwa niaba. Akabaki Bi Mize, ambaye tangu arudi Makka hata kivuli chake angekifunika kama kingekubali.

"Mwanangu, mimi nilimchezea Siham. Sikumchezea fundi."

"Ni kazi yake tu, Bi Mize. Hata hakujui."

"Ndiyo vibaya zaidi. Anayenijua angeona haya."

Jokha akarudi dukani kuulizia mashine ambayo ataiendesha mwenyewe. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza deki kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia, pamoja na kisanduku cha kuunganishia kompyuta: picha safi, lakini nyaya sita na programu inayogoma. Ya pili mpya, deki na dividii katika boksi moja: kaseti huku, diski huku, kitufe kimoja cha kunakili. Jokha akachagua kitufe.

"Hii haipendi ukungu," Mahendra alimwonya. "Ukungu utaziba kichwa kinachosoma picha; sauti ina chake. Chenga zikianza, zima hapo hapo, maana ukiendelea unaikwangua kaseti. Kisha niletee."

"Nikuletee wewe tena?"

"Basi mletee Champa."

Champa alikuwa mkewe, na alichojua kuhusu mashine ni kwamba zimemjazia sebule.

Jumapili mchana Jokha alimtoa mumewe nyumbani, akamketisha Miska, akafunga mapazia, akabonyeza. Wanawake wakatokea, wamekolea wekundu kwa uchakavu wa kanda, wanatoka jasho. Mbele kabisa alikuwa Bi Mize, na alikuwa na kila sababu ya kukataa. Kisha kamera ikageukia mlango anakoingilia bibi harusi. Ukaonekana upindo wa nguo ya kijani. Halafu chenga.

Sauti haikukatika. Ndani ya chenga mtu alicheka, na Jokha akamjua mara moja: Siham.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akizima, pengine picha ingalipo, inamngoja Mahendra, na Bi Mize hatamsamehe. Asipozima, anaikwangua kwa mkono wake. Lakini sauti inaingia kwenye diski sasa hivi, na safari aliambiwa ni moja.

"Zima, we mwanamke," akajiambia. Hakuzima.

Miska akauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, mama yake ni yupi.

Kwenye skrini hapakuwa na mtu. Jokha alingoja mpaka wanawake walipopunguza kelele.

"Huyo," akasema. "Huyo anayewaambia wenzake wasimcheke."

Miska akasogeza sikio kwenye televisheni. Kaseti ikaendelea kuzunguka, ikikwaruza.