Chiriku Aachishwa Shangazi

Mama Pasi, kama walivyomwita wateja wa kwa dobi alikopiga pasi, alikuwa na mtoto mmoja tu, binti mdogo asiyekauka mdomo hata akila, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Alimpata baada ya kusubiri mpaka watu wakachoka kumuuliza. "Huyu nimepewa na Mungu mwenyewe," alizoea kusema, tena kwa sauti ya mtu anayeonya wezi.

Na mwizi alikuwepo, chumba cha pili. Humo aliishi wifi yake, dada wa mumewe, msusi asiyejaliwa mtoto. Mama Pasi akirudi jioni, vidole vimebabuka kwa mvuke, humkuta Chiriku amekaa katikati ya magoti ya shangazi yake, anasukwa, wanacheka hadi machozi.

"Mnacheka nini?"

"Hamna kitu, mama."

Hamna kitu! Tuseme ukweli, roho ilimuuma kuliko vidole. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia, na huyu anajua uchungu gani zaidi ya kichana kuvunjika?

Kwaresima ilipoingia, akaacha sukari kwenye chai. Mtoto akauliza naye aache nini. Hapo wivu ukavaa kanzu ya ibada.

"Wewe utaacha kwenda kwa shangazi mpaka Pasaka. Ni sadaka, mwanangu. Mungu atafurahi."

Chiriku akatii. Mama akawa anamsuka mwenyewe, mistari ikaenda upogo, mmoja ukaishia sikioni.

"Wifi, mbona mtoto simwoni?" msusi aliuliza uani.

"Ana masomo mengi."

Msusi akamtazama, akaokota ndoo yake, na hakuuliza tena. Mama Pasi akabaki na zawadi yake peke yake, kama alivyotaka, ila sasa mtoto alikuwa kimya. Alimtania, akamwimbia, akamkunjia uso kama nyani.

"Si ucheke basi!" alimwambia jioni moja, yeye mwenyewe karibu kulia.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Njia ya Msalaba, katekista aliwaita watoto mbele. "Ninyi ni zawadi za Mungu. Haya, zawadi, niambieni mmeacha nini."

Mmoja aliacha pipi. Mwingine aliacha kumpiga mdogo wake, isipokuwa akianza yeye. Watu wakacheka. Zamu ya Chiriku ikafika.

"Mimi nimeacha shangazi. Mama alisema Mungu atafurahi." Akafikiri kidogo. "Ameshafurahi?"

Kwenye benchi la nyuma msusi aliinama, akajifunika uso kwa mtandio. Mama Pasi aliomba ardhi ipasuke immeze, na ardhi ikamkatalia.

Waliporudi, alimshika mtoto mkono, akabisha hodi chumba cha pili. Msusi alifungua, macho mekundu.

"Wifi, msuke. Nimemharibu kichwa."

Chiriku alishapita chini ya mkono wa shangazi yake.

"Ingia na wewe, wifi."

"Hapana. Nikiingia nitamtoa."

Mlango ukarudishwa. Haukupita muda, ndani kicheko kikaanza, kile kile cha machozi. Wivu ukampanda Mama Pasi mbichi kama siku ya kwanza, akashika kitasa. Akakishika sana. Kisha akakiachia, akaketi kizingitini, akamwomba Mungu amsaidie asiinuke.